Siku moja na mitaro iliyohama mita 300

Saa kumi na moja alfajiri

Mvua ya masika imeniamsha kabla ya alamu. Hata uso sijanawa, nimeshika simu nafungua tovuti ya kazini nione kama iko hewani. Iko. Natunza lango la ramani la taasisi moja hapa Dar es Salaam: barabara, mitaro, mipaka ya kata, visima, picha za angani, vyote vimewekwa mtandaoni ili anayetaka avione na kuvipakua bila kulipa. Mama huwaambia majirani nafanya kazi Google. Nimeacha kumsahihisha.

Saa kumi na mbili na nusu

Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, begi la laptopu kifuani. Tukifika Jangwani abiria wote wanageuza shingo kuona maji ya Msimbazi yamefika wapi, maana yakipanda zaidi Barabara ya Morogoro inafungwa na kurudi nyumbani kunakuwa bahati nasibu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu mjini hapa, na ya Aprili 2018 nayo hayajasahaulika. Katikati ya miaka hiyo, 2015, mradi wa Ramani Huria ulianza kuwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Mlimani kwenye kata zinazofurika. Walitembea na wenyeji, wakaandika kichochoro kwa kichochoro, wakaweka yote kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kazi ya kompyuta yangu ilianzia kwenye matope ya watu wengine, na asubuhi kama hii nalikumbuka hilo.

Saa mbili asubuhi

Mafaili yanayosubiri kuidhinishwa ni saba. La kwanza ni visima vya Temeke. Nalifungua, visima vyote viko Uhispania, karibu na mpaka wa Ureno. Sishtuki. Mtu amegeuza latitudo na longitudo. Ukiiandika Dar kinyumenyume ndiko unakotokea. Angesahau alama ya kutoa, visima vingekuwa Ethiopia.

La pili limekuja kwa WhatsApp, .shp peke yake. Ndugu zangu, shapefile, muundo wa kuhifadhia data za ramani, si faili moja. Ni familia: .shp ina maumbo, .shx ina faharasa, .dbf ina jedwali, na .prj inasema vipimo vimetoka kwenye mfumo gani. Kunitumia .shp tupu ni kunitumia sufuria bila wali.

La tatu ni la shule, na safu mbili za jedwali lake zimegombania jina moja. Hiyo .dbf ni ya kizamani, jina la safu haliruhusu zaidi ya herufi 10. Kwa hiyo "idadi_ya_watu" na "idadi_ya_wanafunzi" zote hukatwa zikawa "idadi_ya_w", halafu programu inaipachika mojawapo namba ili zisifanane. Ipi ni ipi? Muulize aliyeandika, kama bado ana simu ileile.

La nne ni mipaka ya wilaya za Dar, zikiwa tatu. Tuna tano sasa, Ubungo na Kigamboni zimo. Nalirudisha kwa upole.

Saa nne

Chai na chapati mezani. Ujumbe unaingia kutoka kwa mwanafunzi wa uzamili: "Dada, samahani, mitaro yenu inapita ndani ya nyumba za watu."

Nafungua tabaka lile la ramani, la mitaro. Kweli. Mitaro kadhaa imekatiza sebule, mmoja umepita katikati ya uwanja wa mpira. Naangalia nani alipakia faili hili. Ni mimi, miaka miwili iliyopita.

Saa tano mpaka saa nane

Hapa ndipo siku ilipopotelea.

Napima kwa QGIS, programu ya ramani, umbali kati ya mtaro na barabara ambayo mtaro huo unapaswa kuambaa nayo. Karibu mita 300 kuelekea kaskazini, na kidogo magharibi. Aliyesoma upimaji ardhi hapa nchini akisikia namba hiyo anacheka kwa uchungu. Ni mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Ramani zetu za zamani na bikoni nyingi, yale mawe ya alama za upimaji, zilipimwa kwa mfumo huo, unaochukulia dunia ina umbo lile lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. GPS ya simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84, wenye umbo jingine na kitovu kingine. Vipimo vyote viwili ni mita, vinafanana machoni, ila ukivichanganya ardhi inahama mita 300 hivi. Hata namba za mifumo hiyo kwenye orodha ya kuchagua zinatega: 21037 ni Arc 1960, 32737 ni WGS 84. Faili lilikuja bila .prj, nikachagua 32737 kwa mazoea, nikaenda kula.

Dawa ni rahisi: libadilishe mfumo, lipakie upya, omba radhi. Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya. Kijana wetu wa fildi, aliyekaa nyuma yangu, akauliza, "Mbona huu mwingine uko sawa?"

Nikasogeza. Upande wa pili wa bonde mitaro ililala vizuri kando ya barabara zake. Ningelihamisha faili lote, ningeinyoosha mitaro mibovu na kuipinda iliyonyooka. Yule mwanafunzi alikuwa ameona upande mmoja tu.

Kwenye maelezo ya tabaka, nilipopaswa kuandika nani alipima, lini na kwa kifaa gani, palikuwa na neno moja: "Mitaro." Aibu ile siisemi. Nikapekua barua pepe za zamani hadi nikapata namba ya mzee mmoja, mpima mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mitaro? Ile ya mwaka wa mvua nyingi?"

Alikumbuka kila kitu. Makundi yalikuwa mawili, akasema. Wazee walianzia kwenye bikoni za zamani na total station, kifaa cha kupimia pembe na umbali. Vijana walipewa GPS, wakapita upande wa pili. Mwisho majedwali yakaunganishwa. "Mbona kuna safu inayosema nani kapima wapi? Tuliandika A na B."

Naitazama safu hiyo. Inaitwa "kundi_la_u". Miaka miwili niliisoma kichwani kama kundi la umiliki, nikadhani A ni mitaro ya serikali na B ya watu binafsi. Ilikuwa kundi_la_upimaji, imekatwa kwenye herufi ya 10.

Nikachuja A, nikaihamisha A peke yake, nikaiunganisha na B. Kila mtaro ukarudi kando ya barabara yake. Kijana wa fildi akauliza kwa nini tusichore mitaro upya kwa picha za setilaiti za bure. Swali zuri, lakini kwenye picha za Sentinel-2 kidoti kimoja kina upana wa mita 10, na mtaro una mita moja. Labda droni, kama walivyopiga picha Unguja na Pemba kuanzia 2016. Droni hatuna. Tuna mzee na simu yake.

Saa tisa

Wali maharage kwa mama lishe, umepoa. Mvua bado.

Saa kumi jioni

Mama mtendaji wa mtaa kaja kuchukua ramani ya kamati yake ya maafa. Ya karatasi, kubwa, kwa sababu wajumbe wake hawataki kuinamia simu. Namchapia yenye mitaro iliyosahihishwa, wino bado mbichi. Anaitandaza mezani, anaifuata kwa kidole, halafu anaomba kalamu.

"Huu haupo. Pamejengwa fremu za maduka. Na huu umejaa mchanga tangu mwaka jana."

Anaweka alama mbili za X. Napiga picha karatasi yake kabla hajaikunja.

Saa kumi na moja na nusu

Nimebaki ofisini kuandika maelezo ya tabaka. Aya nne: makundi mawili, vifaa vyao, mwaka, kosa langu na tarehe ya marekebisho, maana ya A na B, mitaro miwili ambayo mtendaji anasema haifanyi kazi tena. Imenichukua saa nzima, na katika ripoti ya mwezi itahesabiwa kama "tabaka 1 limehuishwa". Jina la safu nimelifupisha mwenyewe: "mpimaji". Herufi saba.

Saa tatu usiku

Nimeloa, nimekula, miguu iko juu ya stuli. Simu inalia. Ni yule mwanafunzi.

"Dada asante sana, sasa imekaa sawa kabisa! Swali moja tu: hii A na B maana yake nini?"

Nikaandika, "Soma maelezo." Nikafuta. Nikamwandikia, "Mdogo wangu, A ni wazee wa bikoni..."