Siku tuliyotua Mambrui

Tuliruka kutoka Manda, kiwanja cha ndege cha Lamu, asubuhi moja ya Agosti, kwa Cessna 182 ya viti vinne: rubani, mimi kando yake, na shangazi nyuma na kikapu cha mikate ya mofa. Tulikuwa tunakwenda harusini Malindi.

Juu ya Ghuba ya Ungwana rubani akaanza kugonga geji kwa kidole. Mshale wa presha ya oili ulikuwa unashuka. Hakusema neno. Aliacha njia ya mkato ya baharini, akaifuata pwani. Mimi naona hilo ndilo lililotuokoa, kuliko yote aliyoyafanya baadaye.

Tulipoyapita majukwaa ya Ngomeni, yale ambayo Waitaliano walirushia setilaiti hadi 1988, na kuikaribia Mambrui, injini ikagonga, ikatetemeka, ikafa. Rafadha ikasimama mbele ya macho yangu.

Watu hudhani hapo ndege huanguka kama nazi. Wapi! Rubani aliinamisha pua, ndege ikateleza. Ya aina ile huenda maili moja na nusu hivi kwa kila futi 1,000 za kimo, nasi tulikuwa na kama futi 2,000. Akaita mayday, wito wa hatari, redioni, akaulenga ufuo.

Kusi ilikuwa inavuma, nasi tunaelekea kusini, kwa hiyo hakuhitaji kugeuka ili aukabili upepo. Tena ilikuwa bamvua, saa nne, maji yamekupwa kabisa. Mchanga wa juu ni laini, ungemeza gurudumu la mbele tukapinduka. Ule mbichi wa chini ni mgumu.

“Fungua mlango, usiuache ujifunge,” rubani akaniambia. Fremu ikipinda, mlango hukwama. Nikavua kubadhi, nikalibana pale. Shangazi alikuwa anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Akimaliza, anaanza upya.

Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena. Maji yakatapakaa kwenye kioo. Tukasimama.

Wavuvi walikuja mbio. “Poleni, poleni! Lakini msiiache hapa, maji yatajaa!” Kumbe kazi ilikuwa bado. Wakaleta kamba za mashua, tukaivuta ndege mpaka juu ya mstari wa mwani, rubani akipiga kelele watu wasishike mkia. Fundi alipofika alasiri alikuta mpira wa oili umepasuka.

Shangazi hakumngoja. Alikuwa ameshapanda bodaboda, kikapu mapajani, akimhimiza kijana wa watu awahi kabla bibi harusi hajatolewa.