Mtoto unamwacha na nani?

Mie ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro hapa Moshi, na kila nikipakia begi kwenda getini lazima atokee mtu aniulize hilo swali, juzi ilikuwa sokoni Kiboriloni nachambua glavu za mtumba, mama muuzaji ananiuliza huku ananipimisha. Baba watoto wangu naye yuko mlima huohuo, hajawahi kuulizwa hata siku moja 😂

Mwenzenu namkumbuka Junko Tabei wa Japani, mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest, 16 Mei 1975. Alikuwa na binti wa miaka 3. Mwaka 1969 alianzisha klabu ya wanawake wapanda milima, sasa walipozunguka kuomba hela za safari wakawa wanaambiwa kaeni nyumbani mlee watoto. Wakajibana hivyohivyo, glavu wakashona kwa kava za siti za gari, jamani kava za siti! Na mie hapa nalalamika mtumba umetoboka kidole kimoja.

Huko juu theluji ikaporomoka usiku ikafukia kambi, Washerpa, wale wenyeji wa huko wanaosaidia wapandaji, wakamvuta akiwa amezimia, siku 12 baadaye huyo kileleni. Na hakupenda kabisa sifa za "mwanamke wa kwanza", alitaka akumbukwe kama mtu wa 36 kufika pale basi.

Halafu Kili yetu kapanda 1980. Wadada wa mlimani mliopo humu, nyie huwa mnawajibuje hawa watu?