Mlo wa Usiku Katika Wodi ya Mashujaa

Mwaka 2014, kwenye mkutano wa wauguzi mjini Valletta, Malta, tuliandaliwa chakula cha jioni ndani ya wodi. Siku hizi ni ukumbi, lakini mimi niliiona wodi tu. Ni ile kubwa ya Sacra Infermeria, hospitali ambayo Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watawa Wakatoliki wapiganaji waliotawala Malta, walianza kuijenga mwaka 1574. Ina urefu wa mita 155. Nilisimama mlangoni nikiifuata kwa macho mihimili ya dari, nikiwafikiria wauguzi wa zamu ya usiku waliotembea hapo wakiwa na taa mkononi.

Mwenyeji wetu alitueleza kuwa wagonjwa walilishwa kwa sahani za fedha, na waliowapelekea chakula ni mashujaa wenyewe kwa zamu, vijana wa koo za kikabaila za Ufaransa, Italia na Hispania. Nilifurahi mno. Nimeona wagonjwa wengi wakiwekewa uji kando kama mzigo, mtu akageuka akaenda zake. Mwaka 1676 wakaongeza shule ya anatomia na upasuaji. Kwangu mimi, urithi wao mkubwa ni huo, kuliko ngome zote za Valletta.

Dada mmoja muuguzi kutoka Kenya, aliyekaa karibu nami, alikuwa akitazama ukutani msalaba mweupe wenye ncha nane, alama ya Mashujaa hao. "Mdogo wangu, huu niliuvaa shuleni," akasema. "Tukiwafunga bendeji wakimbiaji uwanjani." Alikuwa kijana wa St John Ambulance, shirika la huduma ya kwanza lililoanzishwa Uingereza mwaka 1877 kwa jina na msalaba huo huo.

Ndipo mwenyeji alipotaja merikebu zao za makasia. Mashujaa hao waliteka Waislamu baharini, wakawauza au kuwafunga makasiani, na gereza lao lilikuwa humo humo mjini. Wakiugua, walitibiwa katika hospitali hii. Mwaka 1749 watumwa walipanga kuasi. Njama ikagunduliwa, wengi wakauawa. Uhuru ulikuja na Napoleon mwaka 1798, na jeshi lake likayeyusha zile sahani za fedha.

Dada akaweka uma chini. "Yaani wamtibu mtu apone, halafu wamrudishe kwenye minyororo?"

"Ndivyo, dada."

Sisi wa pwani, Bagamoyo kwetu, habari za minyororo hatuzisikii kama hadithi za mbali. Nilimwambia kwamba watoto wanaopewa beji ile waelezwe pia habari za makasia, mapema, siku hiyo hiyo ya kuivaa. Yeye akakataa. Mtoto wa miaka kumi na miwili, alisema, kwanza ajifunze kuzuia damu isitoke. Mengine atayasoma akikua. Tulibishana mpaka wahudumu wakaanza kukunja vitambaa vya meza, na hadi leo tukiandikiana kila mtu yuko pale pale alipokuwa.