Elki alinishinda bei, nikarudi na swala wawili

Januari 2024, watoto wakiwa wamelala, niliketi mezani jikoni nikafungua ukurasa wa maombi ya leseni za uwindaji wa jimbo la Wyoming. Mimi naishi Minnesota. Kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa nikinunua pointi za elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, kila pointi dola 52. Hapo dola 156 zimekwenda na hujaona hata kwato. Umenunua tu nafasi ya kusogea mbele kwenye kura. Hesabu yangu ilikuwa mwaka huo niombe leseni wanayoiita maalumu, ambayo kwa mtu wa nje ya jimbo ilikuwa chini kidogo ya dola 1,300. Akiba nilishaiweka. Nikashuka chini ya ukurasa nikakuta dola 1,950, na juu yake dola 15 za kuomba.

Nilidhani nimesoma vibaya, nikamwita mke wangu aje aone. Akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba watoto, hiyo si nauli ya kwenda nyumbani?" Kweli ilikuwa nauli. Na hela yote wanaikata siku unapoomba, wanakaa nayo mpaka kura ichezwe, ukikosa ndipo wakurudishie. Nikafunga kompyuta.

Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda: Marekani mnyama wa porini yuko chini ya jimbo, na kila jimbo lina bei mbili, ya mkazi na ya mgeni. Mgeni hapa maana yake ni mtu wa jimbo lingine, hata kama babu wa babu yake alizaliwa Marekani. Mkazi wa Wyoming anawinda elki kwa dola 57. Mgeni analipa 692 kwa leseni ya kawaida, au hiyo 1,950 kwa leseni maalumu. Wala leseni maalumu haikupeleki kwa elki mwingine. Pori ni lile lile, msimu ni ule ule. Unalipa zaidi ili uingie kwenye kapu la kura lenye waombaji wachache. Mwaka huo 2024 leseni maalumu ya swala, yule wa huku anayeitwa pronghorn, nayo ilipanda karibu mara mbili, ikafika dola 1,200. Na si Wyoming peke yake. Jirani zetu wa Wisconsin mwaka 2023 walimpandishia mgeni leseni ya kulungu kutoka dola 160 hadi 200, wakati mkazi wao analipa 24. Hata sisi Minnesota mwaka huo tulimtoza mgeni 185 pale nilipolipa mimi 34, kwa hiyo siwezi kusema wenzetu tu ndio wenye roho ngumu.

Lakini nilikasirika, sitaki kuficha. Nimekulia Kondoa, babu yangu alikuwa akiwinda digidigi kwa mbwa na mishale, na kwangu kuwinda kumekuwa siku zote ni chakula cha nyumbani. Kuona kinageuka kuwa starehe ya mwenye dola elfu mbili kuliniuma. Wiki nzima nilikuwa nikisoma usiku nijue kama kuna mtu aliwahi kupinga. Kumbe yuko, na wengi wa waliopinga walikuwa watu wa Minnesota! Wao na mwongoza wawindaji mmoja wa Montana waliishtaki jimbo hilo, kwa sababu mwaka 1976 mkazi wa Montana aliweza kupata leseni ya elki kwa dola 9, na mgeni ilimbidi anunue leseni ya mseto, ya wanyama zaidi ya mmoja, kwa dola 225. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1978 wakashindwa, majaji sita kwa watatu. Mahakama ilisema kuwinda elki ni burudani, si riziki ambayo jimbo linalazimika kumpa mgeni sawa na mwenyeji. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili tatu. Basi nikajua kulalamika hakutanisaidia, mlango huo ulifungwa kabla sijazaliwa.

Na nikiwa mkweli, wana hoja. Wenyeji ndio wanaokaa na wanyama hao mwaka mzima, wanaangushiwa uzio, wanaliwa majani ya mifugo wao. Hela ya leseni haipotei: ndiyo inayolipa askari wa wanyamapori na watu wanaohesabu wanyama kwa ndege. Hata ukinunua bunduki ya kuwindia au risasi, asilimia 11 ya bei yake kiwandani inakwenda kwenye kazi hiyo hiyo, kwa sheria ya mwaka 1937. Ila bado naona mwanya kati ya 57 na 1,950 umezidi.

Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenzangu porini, alikuja na wazo lake. Alimjua mtu anayekaa Casper, Wyoming. "Shemeji, tuandike anwani yake. Nani atajua?" Nikamwambia hapana, na ninalirudia hapa kwa yeyote anayefikiria hivyo. Wyoming wanataka uwe umekaa mwaka mzima ndipo uitwe mkazi, na kudanganya ukazi ni kosa la jinai. Karibu majimbo yote yana makubaliano: ukifungiwa kuwinda jimbo moja, umefungiwa kote. Na kwetu sisi wenye grini kadi, rekodi ya jinai si kitu cha kuchezea kwa ajili ya nyama. Shemeji alinuna siku mbili, akaelewa.

Hapo ndipo nilipoacha kutazama bei ya dume na kuanza kuisoma orodha yote. Watu wanaowinda hapa wanafuata pembe. Leseni zote za bei mbaya ni za dume, au za yeyote utakayemwona, ambazo kila mtu anazitumia kwa dume. Chini kabisa ya orodha, mahali ambapo nilikuwa nikipapita kila mwaka, kulikuwa na leseni ya swala jike au ndama: dola 34 kwa mgeni. Kumi na tano za kuomba. Leseni ya kawaida ya swala yule yule, ya kupiga dume, ni 326. Nikajiuliza: mimi pembe nitazipeleka wapi? Nyumbani kwetu hakuna hata ukuta wa kuzitundika.

Majira ya baridi ya 2022 kwenda 2023 yaliua swala wengi sana Wyoming, hasa upande wa magharibi, na leseni zikakatwa kwa maelfu. Kwa hiyo tuliangalia kaskazini mashariki, upande wa Gillette, ambako leseni za majike bado zilikuwepo. Tuliomba mwishoni mwa Mei, kila mmoja leseni mbili, Juni majibu yakatoka: tumepata zote nne. Vyeti vyetu vya kozi ya usalama wa uwindaji tulivyochukulia Minnesota vilikubaliwa bila swali.

Sasa usikimbilie kulipa kabla hujajua utawindia wapi. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni ranchi za watu, na leseni haikupi ruhusa ya kukanyaga ardhi ya mtu. Julai yote nilikuwa nikipiga simu wakati wa mapumziko ya kazi. Nilipiga kumi na nne. Wengi hawakupokea, wengine walikataa kwa upole, mmoja alinitajia bei ya mwongozaji iliyozidi hata ya elki. Wa kumi na tatu alikuwa mama mmoja mzee. Nilimweleza kwamba tunatafuta majike kwa ajili ya nyama, tuko wawili, hatuna haja na dume. Akauliza, "Mtafunga mageti?" Nikamwambia nimekua nikichunga ng'ombe wa baba yangu, najua geti lililoachwa wazi ni hasara gani. Akacheka, akasema njooni, dola 75 kwa kila mnyama. Wenye ranchi wengi majike wanawaona kama mzigo kwenye malisho yao, na madume wanawauzia wenye hela. Ukisema "jike" kwenye simu, sauti ya upande wa pili inalegea. Swala wengine tuliwapata kwenye maeneo ambayo jimbo linawalipa wenye ardhi ili yeyote mwenye leseni aingie bure kwa miguu. Ramani zake zinatolewa bila malipo.

Oktoba tukaondoka na gari langu, safari ya muda wa saa kumi na moja na kitu, South Dakota yote tukaikata kutoka mashariki hadi magharibi. Asubuhi ya kwanza tulikuwa tumelala kifudifudi kwenye majani makavu nyuma ya kilima kidogo, upepo usoni, vichaka vya kijivu vikinukia dawa. Swala hawa wana macho ya ajabu, wanakuona ukiwa mbali kiasi kwamba wewe bado unawadhania mawe. Na wakikimbia hawana mpinzani bara lile lote, kilomita 80 na zaidi kwa saa. Lakini hawapendi kuruka uzio. Wanainama wanapita chini ya waya wa mwisho, mmoja mmoja, na hapo ndipo tuliposubiri. Saa tatu kasoro jike mmoja akapita, akasimama ubavu wazi, kipima umbali kikasema yadi 160. Nikasema Bismillah, nikafyatua. Alikwenda hatua chache akaanguka. Nikamwahi na kisu, nikamchinja akiwa bado na uhai.

Kabla ya chochote, ile karatasi ya leseni: unakata tarehe na mwezi, unaweka sahihi, unaifunga kwa mnyama hapo hapo alipoanguka. Kipande kingine cha leseni, kuponi ndogo, tulimpa mama mwenye ranchi, naye anaipeleka jimboni kulipwa. Wako wanaosema nyama ya swala huyu inanuka. Inanuka kwa waliomtembeza kwenye pikapu mchana kutwa na ngozi yake. Mimi na shemeji tulimchuna hapo hapo, damu bado ina moto, tukatoa nyama kwenye mifupa juu ya turubai safi, ndani ya saa moja na nusu ilikuwa kwenye boksi na chupa za maji tulizozigandisha nyumbani. Shemeji akapiga wa kwanza wake jioni. Kesho yake kila mmoja akapata wa pili, na bunduki tukazifunga.

Hesabu yangu mimi peke yangu ilikuwa hivi. Leseni mbili 68, maombi 30, stempu ya uhifadhi 21.50. Nusu ya mafuta 116, nusu ya moteli kwa usiku mbili 85, chakula cha njiani 40, na 75 ya mama wa ranchi kwa mnyama mmoja, maana wa pili nilimpata kwenye eneo la bure. Jumla dola 435.50. Nyama tupu niliyopima kwa mizani ya jikoni ilikuwa kilo 27. Ni dola 16 na ushee kwa kilo, yaani huko huko ninakonunua mbuzi halali hapa mjini, ila huyu nimemchinja mwenyewe. Leseni moja ya dume, pamoja na maombi na stempu, ingekula dola 362.50 kabla sijawasha gari.

Jambo moja kwa ndugu zetu waliokuja juzi. Aliye na grini kadi anaweza kununua na kumiliki bunduki. Aliye kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kugusa bunduki, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote hapa. Kwa hiyo kwa huyo leseni inatangulia, bunduki inafuata, na kabla ya yote hayo azungumze na wakili wa uhamiaji. Mwanafunzi naye aulize vizuri jimbo anakosoma, maana yako majimbo yanayomuuzia mwanafunzi wa muda wote kwa bei ya mkazi.

Pointi zangu za elki bado ninazo na sijaongeza nyingine. Huenda siku moja nikaomba leseni ya kawaida, au ya elki jike ambayo ni dola 288. Kwa sasa sioni haja.

Jumapili baada ya kurudi, mke wangu alipika pilau ya paja la nyuma, tukaalika majirani, mmoja wao baba kutoka Beni, Kongo. Nikamwambia yule baba kitu nilichokuwa nimekisoma: kwamba mnyama huyu kwa ukoo si swala hata kidogo, ndugu zake wa karibu waliobaki duniani ni twiga na okapi. Akashika kipande cha nyama, akakitazama. "Okapi wa kwetu Ituri?" Nikamwambia huyo huyo. Binti yangu akauliza kama mwakani tutakwenda naye. Yule mama wa ranchi alishaniambia tayari: nipige simu Julai, na nimletee huo wali wenye viungo niliomsimulia.