Tulivyopiga makasia hadi Unguja tukapata mashua

Binti yangu alipojiunga na klabu ya makasia ya shule yake hapa Reading, Uingereza, mashua yao ya watu wanne ilikuwa imezibwa nyufa mara nyingi hata ikawa inalalia upande mmoja, nasi wazazi tukatakiwa tutafute nyingine. Niliambiwa kwamba njia ya uhakika ni kuyaandikia makampuni. Nikaandika barua zaidi ya 30, na nilichopata ni majibu manne ya kukataa na sanduku moja la kalamu. Ushauri huo ulinipotezea miezi miwili, nami simpi mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimekulia kwenye harambee, na najua kwamba mtu hutoa kwa moyo pale anapoona chake. Kutoka Mombasa hadi Unguja, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 240. Nikapendekeza wasichana waipige safari hiyo kwa zamu, kwenye mashine mbili za mazoezi ya makasia zinazohesabu mita, mbele ya duka kubwa, na kila kilomita iuzwe kwa pauni 10. Ramani niliichora mwenyewe kwenye shuka.

Hapo ndipo mambo yaliponoga. Mstari ule unapita katika mkondo wa Pemba, Tanga ikiwa upande mmoja na kisiwa upande wa pili. Mzee mmoja wa Tanga akanipigia simu: “Mwanangu, kipande hicho usimuuzie mtu.” Jioni hiyo hiyo mama mmoja wa Kipemba akakitaka kipande kile kile. Sikumkatalia yeyote; niliwaacha washindane, na bei ikapanda hadi pauni 25 kwa kilomita.

Wasichana walianza saa 3 asubuhi, wakafika Unguja saa 12 jioni, viganja vimechubuka, huku mzee akiuliza kila mara wamefika wapi. Hakikisheni wachangiaji wanaolipa kodi wanajaza fomu ya Gift Aid, kwa kuwa serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni, mradi anayepokea ni chama cha hisani au klabu ya michezo ya ridhaa iliyosajiliwa kwa ajili hiyo. Nusu ya wachangiaji wetu tuliwasahau, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Zilipatikana kama pauni elfu tatu na ushei. Mashua tuliyoinunua si mpya, lakini inakaa sawa majini, na siku ya kuishusha mtoni yule mzee alikuja na Mama wa Kipemba, wakaishika kila mmoja upande wake.