Nilivyoomba kulala kwa maadui

Mwaka wa kwanza chuoni niliandika barua ya Kiingereza kuomba nafasi katika "hostile" ya wasichana. Karani aliisoma dirishani, akazungushia lile neno kalamu nyekundu, akanirudishia. "Mdogo wangu, unaomba kulala kwa maadui?" Foleni yote nyuma yangu ikaangua kicheko.

Nilikuwa nataka "hostel". "Hostile" ni mwenye uadui, mwenye uhasama. Nilikariri tahajia zote mbili, na baada ya wiki nikachanganya tena.

Basi nikaenda maktaba, nikafungua kamusi inayoeleza asili ya maneno. "Hostile" limetokana na Kilatini, hostis, yaani adui. Ila huyo hostis hakuanza na uadui. Mwaka 44 KK, Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, aliandika kwamba mababu zao walimwita hivyo mtu wa kutoka nje tu, na kwamba ni muda uliolifanya neno kuwa kali, likabaki kwa anayekuja na silaha.

Nikazidi kufunua kurasa. Neno hospes la Kilatini, mwenyeji au mgeni, ni la ukoo huohuo, na kwake ndiko zilikotoka hosteli, hoteli na hospitali. Hata gesti, hizi za karibu na stendi zenye ndoo ya maji mlangoni, ni damu moja na hostis, ila zimepitia upande wa lugha za Kigermaniki, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani. Waswahili tumewachukua ndugu wote hao, tukamwacha huyo mkorofi.

Wala sikushangaa sana. Kwetu mgeni ni yule anayechinjiwa kuku, na mgeni huyohuyo ndiye ambaye mjumbe wa nyumba kumi humwuliza ametoka wapi na amefikia kwa nani.

Tahajia ikanyooka yenyewe. "Hostel" naliandika nikisikia "teli" ya Kiswahili, kwa hiyo e ndiyo inayotangulia l. "Hostile" tunatamka hostaili, na mwisho wake ni herufi zilezile za "tile", ya sakafu, ile tunayoiita tailizi. Sijakosea tena.

Chumba nilipata, cha watu sita. Wa kitanda cha juu yangu alikuwa akiwasha taa saa tisa usiku na kusoma kwa sauti. Kwa miezi miwili nikaona ile barua yangu ya kwanza haikuwa na kosa.