Tairi Lina Kashata Zote

"Tairi lina kashata zote, shemeji. Nilitupe kwa kosa gani?"

Maneno hayo yamening'ang'ania tangu Jumapili. Wiki hii dada amejifungua salama, idara yetu imehamishiwa jengo jipya, Mama amerudi safari, na katikati ya yote hayo kinachonirudia ni jibu la shemeji akiwa ameegemea boneti. Nilikuwa nimemwonyesha namba ya tarehe iliyo ubavuni mwa tairi la nyuma, 1714, nikamshauri alibadilishe. Akaitazama, akapitisha kidole kwenye kashata, yale matuta ya mpira yanayogusa barabara, akanijibu hivyo. Kisha akarudi kwenye simu kumalizia mkeka wake wa kubeti, wa mechi kumi. "Huu hauna wasiwasi, ni timu kubwa tupu."

Kukataliwa ushauri hakuniumi. Linaloniuma ni kwamba hatari mbili zilikuwa mbele yake kwa wakati mmoja, na zote mbili alizipima kwa macho tu. Timu ina jina, basi itashinda. Tairi lina kashata, basi ni zima.

Tuanze na mkeka. Tuseme kila timu ina nafasi 80 katika 100 ya kushinda, na hiyo ni timu kali kweli. Ili zote kumi zishinde, unazidisha 0.8 kwa 0.8 hadi zitimie kumi, na unachobaki nacho ni kama nafasi 11 katika 100. Zikiwa timu za 70 katika 100, hazifiki hata 3. Juu ya hapo kuna makato yaliyofichwa ndani ya odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Matokeo ya nusu kwa nusu yangestahili odi ya 2.00, lakini unapewa 1.90. Kwa mechi moja, katika kila 100 unayoweka, wastani unaorudi ni 95. Ukiunganisha kumi za namna hiyo, makato yanabebana, na wastani unaorudi unashuka hadi karibu 60. Ndiyo maana mkeka mrefu unapigiwa debe kuliko mechi moja. Anayependa kubeti abeti mechi moja, kwa dau ambalo likipotea halitagusa kodi wala ada.

Sasa tairi. Tafuta herufi DOT ubavuni, ufuate mstari hadi tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. 1714 ni wiki ya 17 ya mwaka 2014. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, na fundi akilifunga upande huo ukiwa ndani, itabidi uingie chini ya gari na tochi. Ingia.

Kashata zinaeleza tairi limesuguliwa kiasi gani. Umri wa mpira hazielezi. Oksijeni, ozoni na joto huukausha mpira hata gari likiwa limeegeshwa, na pabaya zaidi ni ndani, pale mpira unaposhikana na mikanda ya nyaya za chuma. Mshiko huo ukilegea, mkanda hubanduka gari likiwa kasini, limebeba mzigo, barabara ikiwa ya moto. Gari lisilotembea sana ndilo linalodanganya watu, kwa sababu kashata hubaki nzuri huku mpira ukizeeka. Watengenezaji wengi husema hivi: tairi likishatumika miaka 5, likaguliwe na fundi kila mwaka, likitimiza miaka 10 tangu litengenezwe, litoke hata kama linang'aa. La akiba nalo limo. Na ukinunua la mtumba, soma tarakimu kabla ya kuuliza bei. Nyufa nyembamba ubavuni, au mtetemo unaokua kadiri mwendo unavyopanda, ni sababu ya kumwona fundi. Uvimbe ubavuni ni sababu ya kutoendesha kabisa.

Shemeji anapenda mashindano ya magari, hivyo hili analijua: mbio za Formula One za Indianapolis, Marekani, 2005. Matairi ya Michelin yalikuwa yamefeli kwenye mazoezi katika kona ya 13, na kampuni yenyewe ikasema haiwezi kuyathibitisha kwa mbio nzima. Siku ya mbio magari 20 yalizunguka mzunguko wa kupasha moto, kisha 14 yakaingia kando yakaacha. Yakashindana 6. Timu zile zilikuwa na pointi za ubingwa mezani na uwanja uliojaa watu wanaozomea, lakini hazikukubali kubahatisha tairi.

Nimeandika hadi hapa nina hasira. Hasira imepoa, na kilichobaki ni hofu, kwa sababu Jumamosi dada na mtoto watarudishwa nyumbani na gari hilohilo, wamekaa juu ya 1714. Na nikiyasikiliza tena yale maneno yake, nasikia mfuko ukijibu. Matairi manne kwa mpigo, nyumbani kuna kichanga, ni mzigo. Kumwambia tena kuhusu tarehe hakutamsaidia. Anahitaji kujua aanzie wapi.

Aanze na mawili, na mapya yakae nyuma, hata kama injini inavuta magurudumu ya mbele. Mbele pakiteleza, gari hunyooka na dereva akipunguza mwendo hulirudisha. Nyuma pakiteleza, gari huzunguka. Upepo apime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, isifuatwe. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila mzunguko, likachemka, na hapo mengi hupasukia. Hadi mapya yapatikane, asipite kilomita 80 kwa saa: nguvu ambayo breki inabidi iimeze ukiwa 80 ni pungufu ya ile ya 100 kwa zaidi ya theluthi. Likipasuka, ashike usukani kwa mikono miwili, aachie mafuta taratibu, asikanyage breki kwa nguvu, gari lipunguze mwendo lenyewe ndipo atoke pembeni. Nitampigia kesho jioni, akiwa ametulia na hakuna mechi.

Jambo jingine. Doa la darini chumba cha watoto limekua. Nililizungushia penseli, na leo limevuka mstari wakati mvua haijanyesha, kwa hiyo si paa. Usiku huu nafunga mabomba yote, nasoma mita ya maji, naisoma tena alfajiri kabla watoto hawajaamka. Ikiwa imesogea, kuna mahali maji yanavuja, na fundi wetu bado hapokei simu.